Kisutu cha Kijani

Asemaye sioni huazimwa macho.

Mmeisikia leo kazini kwenu, wanangu, na mmekuja kuuliza ilitoka wapi. Mmoja wenu anadhani ni maneno ya wasioona. Sivyo. Mtu aliyesababisha methali hii alikuwa na macho mazima, angeweza kumwona nzi juu ya dari. Kaeni, mmimine chai, maana kisa chenyewe hakina haraka. Methali hii ilianza hivi.

Mjini Tanga palikuwa na kiwanda cha khanga, na humo alikuwamo fundi wa kufuma aitwaye Hemedi Shemhilu. Wenzake walimpenda. Alikuwa mtu wa utani na mkweli. Mashine ikimshinda alisema imenishinda, akaita mwenzake waishike pamoja. Mtu akifiwa, Hemedi alikuwa wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka. Basi msimamizi wa upande wa rangi alipostaafu, meneja wa kiwanda, Bi. Ruzuna, hakuhangaika kutafuta. Alitaka mtu anayejua kukaa na watu, akamwita Hemedi na kumkabidhi kazi.

Hemedi alishukuru kwa mdomo tu. Kulikuwa na jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu. Tangu azaliwe, nyekundu na kijani kwake zilikuwa kitu kimoja, rangi isiyo na jina, inayofanana na udongo uliolowa. Alipokuwa mdogo mama yake alimtuma akachume nyanya shambani, akarudi na mbichi na mbivu zimechanganyika, akachekwa na ukoo mzima. Tangu hapo akajifunza kuzibonyeza kwa vidole na kufunga mdomo wake. Kwenye kufuma hakupata taabu, kwa kuwa kitambaa cha huko ni cheupe asubuhi na cheupe jioni. Sasa anapewa mapipa ya rangi ayaongoze. Angeweza kusema mle mle ofisini, lakini aliwafikiria wanawe waliokuwa shuleni, tena akajiambia kwamba kiongozi haanzi kazi kwa kutangaza upungufu wake. Akanyamaza.

Kazi yake kubwa ilikuwa kukagua kipande cha kwanza. Kila asubuhi mashine ilitoa kipande kimoja, msimamizi akakilinganisha na mfano, akisema sawa kazi inaendelea. Hemedi alikipeleka dirishani, akakunja uso, kisha akamgeukia aliye karibu na kumuuliza, "Wewe unaionaje?" kana kwamba anamtahini. Akijibiwa ni nyekundu safi, naye alisema ni nyekundu safi. Watu wakamsifu kwamba msimamizi mpya ni makini.

Lakini mwenye siri hulala jicho moja. Hemedi alianza kuogopa maswali, na mtu anayeogopa maswali hujifanya mkali ili yasifike. Utani ukaisha. Akaacha kula na wenzake. Siku moja kijana wa mashine aitwaye Chande alimwambia kwa adabu kwamba mfano alioshika si wa khanga ile. Hemedi akamfokea mbele ya wote: "Hapa jicho ni langu. Wewe kazi yako mikono." Chande aliinamisha kichwa. Kuanzia siku hiyo, waliokuwa wakimwita kaka Hemedi wakamwita Bwana Msimamizi, na hakuna aliyemwambia neno lolote ambalo hakuliuliza. Jioni alirudi nyumbani amechoka kuliko alivyopata kuchoka kwa kubeba marobota.

Ukaja msimu wa harusi. Kiwanda kikapata kazi mbili kwa pamoja: khanga za kijani za chama kimoja cha akina mama wa Korogwe, na visutu vya mfanyabiashara aliyevisubiri kwa hamu. Kisutu mnakijua. Ni khanga ya bibi harusi, nyekundu, nyeusi na nyeupe, na huku kwetu harusi bila kisutu ni kama pilau bila viungo. Watu watakula, lakini watasema.

Mchanganyaji wa rangi alikuwa Bi. Mwanakombo, mjane mpole aliyewalea wanawe kwa kazi ile. Alikuwa amechanganya vizuri, pipa la nyekundu hapa na pipa la kijani pale. Mapipa hayakuwa na maandishi, maana ni nani asiyeijua nyekundu akiiona? Hemedi alifika na haraka zake, akanyoosha kidole.

"Leta hilo kwenye mashine ya visutu."

Mwanakombo akalitazama pipa, akamtazama yeye. "Hili, Bwana Msimamizi?"

"Nimesema hilo. Nikitaka ushauri nitaomba."

Mwanakombo akalileta. Kipande cha kwanza kikatoka kijani kama kisamvu, Hemedi akakipeleka dirishani, akakunja uso na kusema sawa. Siku hiyo hakumuuliza mtu, kwa sababu aliamini amechagua pipa la nyekundu. Chande aliona. Wote waliona. Mmoja alinong'ona kwamba labda mabibi harusi wa siku hizi wamebadili mambo. Mwingine akajibu kwamba jicho si lake. Mashine ikazunguka, na hadi adhuhuri visutu vya kijani vilikuwa vimening'inia kutoka ukuta hadi ukuta.

Ndipo Bi. Ruzuna alipoingia. Alisimama mlangoni akavitazama. Alikuwa mama asiyepiga kelele, na hilo ndilo lililowatia watu hofu.

"Nani alichanganya rangi hii?"

Macho yakamwelekea Mwanakombo, ambaye alikuwa akijifuta mikono kwa kipande cha kitambaa. "Ni mimi, mama," alisema. "Lakini niliambiwa nilete pipa hili, nikalileta."

"Uliambiwa ulete kijani kwenye visutu? Mwanakombo, kitambaa chote hiki kimeharibika, na mtu anasubiri mzigo wake Ijumaa. Mtu wa rangi asiyeangalia rangi siwezi kukaa naye." Kisha akamgeukia Hemedi. "Bwana Hemedi, ulimwambia alete pipa gani?"

Hapo, wanangu, ndipo Hemedi Shemhilu alipofika njia panda. Jibu lilikuwa tayari ulimini: nilimwambia alete nyekundu. Tena lisingekuwa uongo mtupu, kwa kuwa nyekundu ndiyo aliyoikusudia. Meneja angeliamini, na wafanyakazi wasingethubutu kulipinga. Mwanakombo angechukua mkoba wake na kwenda nyumbani, na yeye angebaki na kiti chake. Alimtazama Mwanakombo. Hakuwa analia wala hakuwa anamtazama kwa kumsihi. Alikuwa ameshakata tamaa naye, na hilo lilimuuma Hemedi kuliko lawama. Alikumbuka kwamba zamani, walipokuwa wakila pamoja, mwanamke huyu alikuwa akimwekea kipande cha samaki.

"Bi. Ruzuna," alisema, "visutu hivi ni vya rangi gani?"

Meneja akadhani anafanyiwa mzaha. "Unaniuliza mimi?"

"Nakuuliza kwa sababu sijui. Nyekundu na kijani sizitofautishi, tangu nizaliwe. Pipa nililichagua mimi kwa kidole changu, na Mwanakombo akataka kunionya nikamziba mdomo. Yeye hana kosa. Na Chande," akamtafuta kwa macho, "siku ile wewe ndiye uliyekuwa sahihi. Nilikufokea kwa sababu niliogopa. Nisamehe, ndugu yangu. Nisameheni nyote."

Mtu mmoja akazima mashine ili asikie vizuri. Bi. Ruzuna alikaa kwenye ukingo wa meza ya kukunjia.

"Sasa niambie mwenyewe," alisema taratibu, "msimamizi wa rangi asiyeona rangi nimfanyie nini?"

"Hilo ni lako kuamua, mama. Hata ukinirudisha kufuma, nitakwenda nikishukuru. Nimechoka kujificha."

Hemedi alikwisha kuanza kuvua koti la usimamizi. Ndipo Mwanakombo aliposema, tena bila haraka, kama anayetoa kipimo cha chumvi. "Mama, macho humu ndani yamejaa. Wengine tunayo mpaka yanatutosha na kubaki. Kilichopungua ni mtu wa kutuweka pamoja, na zamani kaka Hemedi aliweza. Angesema tu kwamba haoni, tungemwazima."

Alimwita kaka, na Hemedi akalazimika kugeukia ukutani.

"Mimi alinitia aibu na bado inauma," alisema Chande. "Lakini msimamizi aliyeniomba msamaha mbele ya meneja sijapata kumwona. Mwache abaki."

Bi. Ruzuna aliwatazama watu wake mmoja mmoja. Alisema kwamba visutu vyekundu vikitoka kabla ya Ijumaa, koti libaki mabegani mwa Hemedi. Hakuna aliyeambiwa abaki baada ya saa za kazi, wala hakuna aliyeondoka. Chande alisimama kwenye kipande cha kwanza, Mwanakombo kwenye mapipa, na Hemedi akabeba marobota ya kitambaa kwa bega lake huku akiwatania, kwa sauti ambayo wengi walikuwa wameisahau. Mabibi harusi walipata nyekundu yao. Vile vya kijani vikagawanywa kwa wafanyakazi, na kwa muda mrefu wake zao walivivaa wakipika jikoni, wakiviita visutu vya Shemhilu. Mwenyewe alicheka kuliko wote.

Kuanzia hapo, kila asubuhi Hemedi alikitandaza kipande cha kwanza mezani na kusema wazi, "Jamani, niazimeni macho." Waliokaribia walikitazama, aliyeona dosari akaitaja. Na kosa likawa halipati pa kujificha, kwa kuwa mkubwa mwenyewe hakuwa na pa kujificha. Haukupita mwezi, Mzee Kibwana, mwendesha mashine wa miaka mingi, alimfuata pembeni akamwambia kwamba sikio lake moja limekufa kwa kelele na hasikii tena mashine inapobadili mlio. Alikuwa akilificha jambo hilo kwa kuogopa kufukuzwa. Hemedi alimshukuru, akamweka mtu mwenye masikio mazima kando yake siku hiyo hiyo. Fikirini mkono wa nani ungeingia kwenye mashine kama mzee yule angeendelea kunyamaza.

Mwaka uliofuata kiwanda kilitafuta maneno ya kuandika kwenye khanga mpya, na Mwanakombo ndiye aliyeyatoa: Asemaye sioni huazimwa macho. Khanga ile ilinunuliwa Tanga, ikavuka hadi Pemba, na walioivaa wakayachukua maneno bila kujua yametoka kwa nani.

Hemedi alimpelekea doti moja mkewe, Bi. Saumu. Mkewe akayasoma maneno yale, naye Hemedi, kwa mara ya kwanza katika ndoa yao, akamweleza yote, tangu nyanya za mama yake. Saumu alimsikiliza mpaka mwisho huku akiikunja ile khanga.

"Baba Rehema," akamwambia, "kila Ijumaa nakutandikia shati na kikoi kitandani. Ulidhani nguo zako zinapatana zenyewe?"

"Ulijua?"

"Tangu mwaka tuliooana. Ulikwenda kumposea nduguyo umevaa soksi moja nyekundu na moja ya kijani. Nilisubiri uniambie."

Hemedi alikaa kitandani. Alihesabu moyoni miaka yote aliyotembea kwa macho ya mwanamke huyu akidhani ni yake. Aliazimwa bila kuomba, ndiyo, lakini kwa kuwa alijificha, hakuwahi kumwambia asante hata mara moja. Alimwambia siku ile, na akaendelea kumwambia kila Ijumaa, mpaka Saumu akawa anamwomba anyamaze avae.

Kwa hiyo kesho mtakapowekwa juu ya wenzenu, na mtawekwa, msijitie kujua kila kitu. Watu hawamtaki kiongozi asiye na pengo. Wanamtaka wanayemjua, wajue wamsaidie wapi, naye ajue amshukuru nani. Asemaye sioni huazimwa macho.