Pengo la Kiganja Kimoja

Wapendwa, kabla sijafunga Kitabu, nipeni dakika chache niwape habari ya fundi mmoja. Msimtafutie jina, na msiangaliane hivyo. Kila mtu atazame mbele.

Fundi huyu alikuwa mtunza banio katika kijiji cha mlimani. Banio mnalijua: ukuta unaokingama mtoni, maji yanaingia bombani, yanateremka kwa kasi mpaka kwenye mtambo, tunapata umeme, kisha yanaishia kwenye mifereji ya mashamba yetu. Wanakijiji walilijenga wenyewe, kwa mawe waliyobeba vichwani. Na chini ya ukuta waliacha pengo la upana wa kiganja. Maji ya pengo lile yalikuwa ya mto wenyewe, ya samaki, na ya watu wa bondeni pamoja na mifugo yao. Siku ya kumkabidhi fundi ufunguo wakamwambia mbele ya mkutano, “Pengo hili halizibwi.” Akaitikia, tena kwa sauti.

Enzi hizo mto ulikuwa umeshiba. Lakini si mnaona wenyewe mlima ulivyobadilika? Joto limepanda hadi msituni. Theluji ya kileleni imebaki viraka. Mvua inagoma miezi mizima, halafu inakuja yote siku moja, inajaza mchanga banioni, inaondoka zake. Basi mto wa fundi ukawa unakonda kila kiangazi, na taa za kijiji zikawa zinasinzia.

Sasa binti yake akafikia kipaimara. Wee! Wageni kutoka mjini, spika za kukodi, friji mbili za kuazima, na taa zinasinzia! Alhamisi asubuhi fundi akasimama banioni, akayatazama maji yanavyopenya pale chini, roho ikamuuma kweli. “Haya yote yanapita bure,” akasema. Bure! Akakata magome ya mgomba, akayakandika kwa udongo, akaziba, vile vile tunavyoziba mfereji zamu ya mtu ikiisha. Nani alimwambia zamu ya mto imeisha?

Mkewe akamwona anarudi na tope hadi magotini.

“Baba watoto, umeziba?”

“Siku nne tu, mama. Jumatatu nafungua.”

“Na watu wa bondeni?”

“Watadhani ni kiangazi.”

Na kweli, wakadhani ni kiangazi. Sherehe ikafana, jamani. Spika zilitikisa mabati, binti alipendeza, watu wakala wakasaza, na fundi akatembea kifua mbele katikati ya wageni wanaosifu umeme. Jumatatu ikafika, mashemeji bado wapo. Akasema kesho. Kesho ikawa wiki mbili.

Asubuhi moja yuko uani na kikombe chake cha chai, akamwona rafiki yake wa bondeni anapanda kilima, anaswaga ng’ombe. Ng’ombe yule alikuwa mali ya fundi. Desturi yetu mnaijua: huku juu majani hayatoshi, kwa hiyo unampa mwenzako wa chini akulishie. Maziwa na samadi ni vyake, ndama ni wako.

“Karibu, karibu! Mbona umemrudisha?”

“Mto umekauka, ndugu yangu. Tunapanga foleni kisimani, ndoo mbili kila nyumba. Nikaona nimlete kabla hajadhoofu.”

Fundi akamzunguka yule ng’ombe. Mbavu hazionekani, manyoya yanang’aa. “Mbona amenawiri hivi?”

“Ndoo moja nilikuwa nampa yeye. Ana mimba, na ni amana yako.”

“Na wa kwako?”

Rafiki akacheka, akajifuta jasho. “Wa kwangu anavumilia. Maziwa yamekata, watoto wanakunywa chai ya rangi. Kiangazi ni kiangazi, tutafanyaje?”

Wapendwa, aibu ikampanda fundi mpaka masikioni. Akaweka kikombe chini, akasema, “Ndugu yangu, si kiangazi. Ni mimi.” Akaeleza yote, hakuficha kitu.

Rafiki akavuta kigoda, akaketi. “Basi nenda kafungue. Hiyo chai nitaimalizia mimi.”

Fundi alikimbia, na kitambi chake chote! Akang’oa yale magome kwa mikono, maji yakapita yakiimba. Jioni taa zikasinzia, nyumba nzima ikala ndizi gizagiza, na mkewe anasema hajawahi kumwona na furaha kama ile.

Mmeshamhukumu, nawaona. Subirini kidogo. Joto la dunia hatukulileta peke yetu, na umeme ni baraka. Bila huo msingenisikia huko nyuma. Lakini joto lilipunguza maji tu, pengo likazibwa na mkono wa mtu. Maji yakiwa tele, nani si mwaminifu? Ni yanapopungua ndipo Mungu anatuuliza: aliye chini yako, anayekutunzia cha kwako kwa ndoo yake ya mwisho, wewe umemwachia nini?

Ndugu zangu, jana jioni nilipita kwenye banio letu sisi, hili hapa chini ya kanisa. Pengo ni kavu. Sitauliza ni nani. Baada ya baraka tunashuka wote tukafungue, mimi natangulia, na mama mchungaji ameshabandika chai. Simameni tuombe.