Kiganja Juu ya Ngozi

Huko Kondoa palikuwa na ghala la ngozi la Bwana Dosa, mtu aliyezipenda ngozi kuliko watu waliozitia chumvi. Mkataba wa kazi ulimtaka awape wafanyakazi glavu, maana chumvi iliwachubua mikono vibaya.

"Mkataba unasema nitatoa," alijibu kila alipoulizwa. "Umetaja siku?"

Asubuhi moja Bi Mwajabu, mpangaji wa ngozi, alimfuata ofisini, mikono ameificha ndani ya khanga.

"Tajiri, mnunuzi si anakuja kesho? Hebu njoo uone."

Juu ya lundo kulikuwa na ngozi mbovu ya mbuzi, imetobolewa na kisu. Katikati yake palikuwa na alama ya kiganja, nyekundu kama tofali.

"Nini hiki?"

"Mkono mtupu, tajiri."

"Na hizi nzuri za chini?"

"Nazo zimeshikwa na mikono mitupu wiki nzima. Mimi siwezi kukuapia kitu."

Bwana Dosa alitoka mbio. Kabla ya adhuhuri alirudi na katoni ya glavu. Bi Mwajabu akawa wa kwanza kuchukua na kuvaa.

"Nikimkuta mtu kazivua, kazi hana!" alifoka tajiri.

"Mmesikia lakini?" Bi Mwajabu akawakemea wenzake.

Yeye alizivaa mpaka nyumbani. Binti yake, bibi harusi wa Ijumaa, alimpokea mlangoni.

"Mama, nani kachota hina yangu?"

Bi Mwajabu akavua glavu ya kulia huku akicheka. Kiganja chake kilikuwa chekundu kama tofali.