Macho Ndani ya Tumbo la Kiboko

Hapo zamani za kale... wewe Mshamu, acha kumfinya mwenzio, mimi sirudii mara mbili! Hapo zamani za kale wanyama walikuwa na nyumba, nyumba zilikuwa na milango, na mlango ulikuwa na adabu yake. Ukiwa unakula na mtu akapita, unamwambia, "Karibu tule." Hata kama una kipande kimoja cha muhogo. Hata kama moyoni unaomba aseme ameshiba.

Basi mwaka huo jua liliwaka, nchi ikakauka kau! Shamba lililobaki na kijani lilikuwa moja tu, la Bwana Kiboko, pale ukingoni mwa mto. Maboga kwake, viazi kwake, kunde kwake. Na Kiboko, wanangu, alikuwa bahili wa kutisha. Chungu kikiiva, anakomea mlango, ka! Anakula peke yake, chwapu chwapu, mpaka anakwangua ukoko. Nje wenye njaa wanachungulia kwenye ufa wa mlango, na hakuna anayekaribishwa.

Mmoja wao alikuwa Bi Pimbi wa mlimani, mdogo, hana hata mkia. Alikuwa na mwanawe, Kidawa. Mtoto huyo alikonda mpaka akaacha kulia, na mtoto mwenye njaa akiacha kulia, mama halali.

Siku moja bonde zima likasikia mngurumo. Bwooooh! Mawe yakatikisika, ndege wakaruka.

"Tumbo langu! Nakufa mimi! Atakayeniponya nitampa boga zima!"

Nyie! Waganga walikuja mbio. Fisi akambonyeza hapa, akambonyeza pale. "Minyoo hii. Kunywa mwarobaini." Kiboko akanywa mwarobaini, akakunja uso. Wapi!

Nyani akakohoa kwa adabu. "Samahani, mzee, choo umekwenda lini?"

"Leo asubuhi, na unikome!"

Kobe akafika wa mwisho, akasema ni uchawi, akafukiza ubani. Kiboko akapiga chafya, paa nusura liondoke. Maumivu yakabaki palepale.

Ndipo akaingia Bi Pimbi. Akatupa jicho jikoni, akaona chungu kikubwa cha kunde kimebaki robo. Akajua. Huyu amevimbiwa tu! Lakini akisema hivyo, atapewa boga lake moja, na kesho mlango utakomewa tena. Boga moja litamfikisha wapi Kidawa?

Akaweka sikio kwenye lile tumbo. Nguru-nguru-nguru... gwiii! Akaruka nyuma, mikono kichwani.

"Yarabi!"

"Umesikia nini?" Kiboko akauliza.

"Sijasikia, bwana. Nimeonwa. Humu ndani kuna macho. Mengi! Na yote yamekodoa."

Hata Fisi, anayecheka msibani, alifumba mdomo.

"Ma... macho ya nani?"

"Hili la Swala. Alipita juzi na mimba yake, ukamfungia. Hili la Ngiri, alikuomba ukoko ukamzomea. Wote uliowanyima karibu, macho yao yameingia pamoja na matonge."

Kiboko akatetemeka mashavu. Yote yalikuwa kweli! Amejuaje huyu? Atakosaje kujua, na yeye alikuwa anachungulia pamoja nao!

"Pimbi, ukinidanganya nitakukanyaga, wewe na mwanao. Mtakuwa unga."

Moyo wa Pimbi ukadunda, du! du! du! Lakini hakurudi nyuma. "Jaribu basi. Kula kipande cha boga bila kunikaribisha."

Kiboko akameza kipande. Tumbo lililokwisha kujaa pomoni likamsokota, kru!

"Uwiii! Yananitazama! Nayahisi!"

"Sasa sema lile neno la mlangoni."

Kiboko alikuwa hajalitamka miaka na miaka. Mdomo mpana vile, neno likamshinda. "Ka... ka... karibu."

"Ahsante, bwana." Kiboko alikuwa amelala chali, ameziba njia ya jikoni; Pimbi akapanda juu ya tumbo ili akifikie chungu, na katika kupita akalikanyaga kwa nguvu zake zote.

BWEEEU! Upepo uliotoka ulizima moto jikoni. Kiboko akakaa kitako, kajawa na ajabu. "Jicho moja limetoka! Wallahi limetoka!"

Wanyama wakashikana mikono kwa hofu. Kiboko mwenyewe akausukuma mlango, akaita mpaka ng'ambo ya mto, "Karibuni! Karibuni nyote!" Wakaja, wakala. Pimbi akamlisha Kidawa kunde kidogo kidogo, huku machozi yakimtiririka, wala hakuyaficha.

Kesho yake asubuhi, ti! ti! ti! Mlima unatikisika. Kiboko anapanda! Pimbi akamsukumia mwanawe pangoni. Amenigundua, akawaza, leo tumekwisha.

Kiboko akafika akihema, akainamisha kichwa mpaka chini. "Bi Pimbi. Jana usiku wamekula wote, mimi nimepata bakuli moja. Na tumbo langu, kimya! Sijalala vile tangu nizaliwe. Nimekuja kuwakaribisha chakula cha mchana."

Pimbi alidhani amemdanganya, kumbe amemtibu. Ndani ya uongo wake mlikuwa na ukweli ambao yeye hakuutia.

Wakiteremka, Kidawa akamvuta mkono. "Mama, kweli uliyaona macho?"

"Niliyaona, mwanangu. Ila hayakuwa tumboni. Yalikuwa kwenye ufa wa mlango, na mawili yalikuwa yako."

Haya, shikeni hilo: mla peke yake huumwa peke yake.