Gunia la Bibi Ahata

Paukwa!

— Pakawa!

Pakawa nini?

— Mji!

Mji gani? Ah, hamuujui, mnajibu tu. Basi leo kiitikio nawafundisha mimi. Nikiuliza, "Mji uko wapi?" nyinyi semeni, "Upo, umesimama!" Haya. Mji uko wapi?

— Upo, umesimama!

Hovyo! Mnaitikia kama mmefiwa. Kufiwa kuko mbele, msikuwahi. Tena! Mji uko wapi?

— Upo, umesimama!

Hapo sawa. Kidawa, weka huo ungo chini, mchele utachaguliwa kesho.

Hapo kale, kale ya kale, palikuwa na mji ukiitwa Ninawi. Najua mmeusikia kanisani. Ya kanisani muulizeni padri. Hii ni ya ukumbini kwangu, niliyosimuliwa na marehemu shangazi, na yeye alikuwa mtu wa chumvi nyingi.

Ninawi haikuwa kijiji. Kuuzunguka mji ule ni siku tatu kwa miguu. Juu ya ukuta wake yalipita magari matatu ya farasi, ubavu kwa ubavu. Uliinukaje? Uliinuka kwa vya watu. Walipiga mji wa mashariki, wakabeba milango yake. Wakapiga mji wa magharibi, wakabeba ng'ombe wake. Wakapiga mji wa kusini, wakabeba watu wenyewe.

Siku moja akaja nabii, mgeni, ananuka samaki. Akapita mitaani akipaza sauti: "Siku arobaini! Siku arobaini tu, na Ninawi imeangushwa!"

Watu wakatetemeka. Wakavaa magunia. Gunia la kwao lilifumwa kwa singa za mbuzi, na linawasha, jamani, usiombe. Mfalme akavaa. Watoto wakavaa. Hata punda wakavishwa. Msicheke! Punda wa Ninawi walivishwa magunia, wakafungishwa na saumu. Lakini sikilizeni lililo kubwa: watu walirudisha. Aliyeiba mbuzi akarudisha mbuzi. Aliyehamisha mpaka akarudisha mpaka. Aliyemfunga mtu akamfungua.

Siku ya arobaini na moja jua likachomoza. Mji uko wapi?

— Upo, umesimama!

Umesimama kweli. Mungu aliwahurumia. Sasa hapa ndipo walipokosea, na kosa lile lisingeweza kufanywa na mtu yeyote isipokuwa hao hao waliosamehewa. Mwaka wa pili wakasema, "Tukumbuke." Wakavaa magunia siku moja. Mwaka wa tatu wakaongeza ngoma. Mwaka wa nne wakachinja. Miaka ikaenda, walioogopa wakafa, wakaja wajukuu, wakaja vitukuu, na kilio kikawa sikukuu. Sikukuu ya Magunia! Majivu yakatiwa marashi. Punda akashindanishwa na punda, nani kapendeza. Akatokea fundi mmoja, Silimu, mjanja wa mjini, akayatia magunia bitana ya hariri ndani.

"Kwa nje toba, kwa ndani raha," Silimu akinadi. "Njooni, mnavaa hamwashwi!"

Na wimbo wakautunga:

*Moja mpaka arobaini, jua limechomoza!*
*Ninawi iko palepale, nani ataisogeza?*

Kurudisha? Nani arudishe! Kurudisha kulisahaulika. Majeshi yalitoka kila mwaka, yakarudi na vya watu.

Basi katika mji huo alikuwapo bibi mmoja, Ahata. Mwanawe mmoja tu, Zabinu, mlinzi wa lango la mto. Mke wa Zabinu alikufa kwa uzazi, akaacha kitoto kichanga, Nadinu. Kitoto kinanyonya nini? Ngojeni, inauma hii. Wiki ileile jeshi lilirudi na mateka, na mmoja wao, Atara, matiti yalikuwa yamejaa maziwa yanatiririka. Alinyakuliwa kisimani kwao, mwanawe kamwacha amelala nyumbani. Zabinu akapewa yeye kama zawadi ya utumishi. Atara akawa anamnyonyesha mtoto wa watu huku machozi yanamdondokea usoni, na mtoto anapepesa macho, ananyonya.

Bibi Ahata aliyaona machozi yale kila siku. Naye alikuwa na kitu kimoja cha urithi, gunia la bibi wa bibi yake, lile lile la siku za nabii wa kwanza, halina bitana wala nini. Alirithishwa pamoja na neno lake: "Likikuwasha, jiulize umeshika nini cha mtu."

Basi ikatokea siku, akaja nabii wa pili. Mzee wa milimani, viatu vimekatika. Akasimama kwenye lango la Zabinu, akasema maneno matatu.

La kwanza: "Ninawi, mto unaokunywesha ndio utakaokubomoa."

La pili: "Siku utakapoanguka, kila atakayesikia atapiga makofi, maana nani hukumuumiza?"

La tatu hakulisema kwa ukali. Alilisema analia. "Nani atakulilia?"

Mnadhani watu waliogopa? Thubutu! Walipiga vigelegele. "Nabii! Nabii! Mwaka huu sikukuu itafana, nabii mwenyewe kaja!" Silimu akakimbilia dukani. Wakampaka yule mzee majivu ya marashi, wakaanza kuhesabu: moja, mbili, tatu. Mzee akawatazama, akaondoka zake.

Bibi Ahata peke yake hakuhesabu. Akamwambia mwanawe: "Zabinu, huyu hakutaja siku. Yule wa kwanza alitupa arobaini, akatuachia nafasi. Huyu hakutaja."

"Mama, nabii ni nabii. Tutavaa, yataisha."

"Mrudishe Atara kwao."

Zabinu akatazama pembeni. "Na mwanangu atanyonya nini?"

Siku ya kumi akamwambia tena, "Mwanangu, mrudishe mama wa watu kwa mwanawe."

"Na wangu atanyonya nini?"

Siku ya thelathini akamwambia mara ya tatu, kapiga magoti, mama mzazi kampigia mwanawe magoti! "Tutatafuta maziwa ya mbuzi. Mrudishe."

"Mama, inuka, unanitia aibu. Mwanangu akifa utanirudishia wewe?"

Msimwone Zabinu mtu mbaya. Alimpenda mwanawe. Lakini uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na yeye uchungu ule aliujua wa kwake tu, wa mwenzake akaufumbia macho.

Ikafika siku ya arobaini na moja. Jua likachomoza. Ngoma zikaanza. Zabinu akasema, "Mama, niletee gunia langu." Bibi Ahata akaingia ndani. Akaliacha la hariri, akamletea la urithi. Zabinu ana haraka, hakutazama, akavaa, akatoka uwanjani.

Hatua ya kwanza, akajikuna shingo. Hatua ya pili, akajikuna mgongo. Alipofika katikati ya ngoma, alikuwa anaruka kama kakalia siafu! Silimu akacheka mpaka akashika ubavu. "Tazameni mlinzi wa lango! Kavaa toba ya kweli, inamtafuna!" Uwanja mzima ukacheka.

Chekeni na nyinyi. Chekeni, kicheko cha mwisho hicho.

Zabinu akarudi nyumbani mbio, macho mekundu. Akalivua gunia, akalitupa miguuni pa mama yake.

"Umenifanya kichekesho cha mji!"

"Mwanangu, umejiuliza umeshika nini cha mtu?"

Zabinu alisimama. Naapa alisimama kidogo, na kinywa kilifunguka, na jibu alikuwa nalo. Kisha uwanjani wakaanza wimbo, *nani ataisogeza*, akavaa lile la hariri, akatoka.

Sikio la kufa halisikii dawa.

Bibi Ahata akaliokota gunia. Akamwita Atara.

"Njoo. Mji mzima uko ngomani, na kimlango cha wachota maji nakijua. Nenda kwenu."

Atara hakuamini. "Bibi, na mtoto?"

"Nenda naye."

"Nimchukue mjukuu wako?"

"Maziwa yako ndiyo anayoyajua. Hapa atakufa kwa njaa, au atakufa kwa mto. Sisi tulikunyang'anya. Mimi sikunyang'anyi, mimi nakuomba. Ukikataa, ni haki yako."

Atara akamtazama yule mtoto. Alikuwa mtoto wa adui. Mtoto naye akanyoosha mkono, akashika kidole chake, basi. Akambeba. Bibi Ahata akamfunga mtoto lile gunia juu ya nguo zake, kwa ajili ya baridi ya njiani.

"Njoo nasi, bibi."

"Nimwache Zabinu na nani? Kaidi ndiye, lakini nimemzaa mimi." Akawafungulia kimlango. Akambusu mjukuu wake nyayo zote mbili, akafunga.

Zabinu aliporudi akakuta kitanda cha mtoto kitupu. Alipiga kelele nyumba ikatikisika. "Nakwenda kuwafuata! Farasi wangu!" Lakini kabla hajatia lijamu, tarumbeta ikalia ukutani. Wale wa mashariki waliobebewa milango, wale wa magharibi waliobebewa ng'ombe, wale wa kusini waliobebewa watu, wote wameungana, wamezingira. Milango ikafungwa. Haingii mtu, hatoki mtu.

Mwezi wa kwanza, watu wakaimba wimbo wao. Mwezi wa pili, wakaimba kwa sauti ndogo. Mwezi wa tatu mvua ikanyesha milimani, mto ukajaa, ukaanza kuula ukuta chini, kipande, kipande, kipande. Zabinu akaegemeza bega kwenye lango lake, maji yamemfika kiunoni. Mama yake akasimama kwenye ngazi.

"Mama! Mwanangu yuko mbali?"

"Yuko mbali, mwanangu."

"Afadhali." Kisha akasema, "Mama, lile gunia. Nipe. Nataka kulivaa."

Bibi Ahata akafunika uso. "Amelivaa mwanao."

"Basi avae yeye," Zabinu akasema. "Avae yeye."

Bibi akateremka ngazi, akaingia majini, akaweka bega lake la kizee kando ya bega la mwanawe. Lango likafunguka. Mto ukaingia, na nyuma ya mto wakaingia watu.

Mji uko wapi?

— ...

Naona mmenyamaza. Nyamazeni.

Atara alitembea mwezi na zaidi mpaka kwao. Mwanawe je? Jamani. Dada yake alimpokea njiani, akamshika mkono, akampeleka nyuma ya nyumba. Palikuwa na kilima kidogo cha mawe, kidogo hivi. Mtoto hakukubali maziwa ya mtu mwingine. Atara alilala juu ya mawe yale siku tatu, akiinuka kumnyonyesha Nadinu tu, kisha analala tena.

Miezi ikapita, zikafika habari: Ninawi imeanguka! Kijiji kizima kikatoka. Wakapiga makofi. Makofi, wanangu, kutoka bonde hili hadi bonde lile, na nani angewalaumu? Kila nyumba ilikuwa na wa kumdai Ninawi.

Ndipo dada yake akamwona Atara anatoka ndani amevaa gunia la singa, kakaa majivuni mbele ya watu wote.

"Dada, una wazimu? Hao ndio waliokunyang'anya! Hao ndio waliomuua mwanao!"

"Ndio hao."

"Basi unamlilia nani?"

"Namlilia mama mmoja," Atara akasema. "Na mwanawe mkaidi. Na punda wao, na ngoma zao, na yule fundi aliyekuwa akicheka. Nabii aliuliza nani atawalilia. Mwacheni awepo mmoja."

Makofi yakapungua. Yakapungua. Nadinu, aliyekuwa ameanza kutambaa, akaja taratibu, akalishika lile gunia, akalitia mdomoni kama watoto wafanyavyo. Likamwasha, akaanza kulia.

Basi wakawa wawili.

Hadithi yangu nimeitua hapo, mabega yameniuma. Uongo wake aubebe marehemu shangazi, ukweli wake ubebeni nyinyi. Nauliza mara ya mwisho, na asiitikie mtu. Mji uko wapi?

Kidawa, chukua ungo wako.