Bomba Lililonyamaza

Wahenga walipotuonya kuhusu kimya, hawakuwa wakimsema mtu mpole peke yake. Chuma nacho hunyamaza, na kina yake moyoni.

Katika bwawa moja lililojaa mchanga palikuwa na mwanamke mwendesha pampu, ambaye wenzake walimwita Sikio. Pampu yake ilivuta mchanga na maji kwa pamoja, ikavisukuma ndani ya bomba refu la chuma hadi bondeni. Kila asubuhi Sikio aliegemeza ncha moja ya spana kwenye bomba na nyingine sikioni. Punje zilipokimbia, bomba lilikwaruza bila kukoma, naye akaridhika. Alijua kwamba maji yaendayo kasi hubeba mchanga. Yakizubaa, mchanga hulala chini na kuziba njia.

"Dada, umeanza tena kuteta na bomba?" mdogo wake alimtania. Alikuwa ndugu yake wa pekee, aliyemlea tangu mama yao afariki, na kazi yake ilikuwa kukaza maungio ya bomba huko mteremkoni.

"Bomba lina adabu kukushinda wewe. Likiulizwa, linajibu."

Kisha akaja msimamizi mpya, mtu wa kujisikia. Akaamuru pampu ipunguzwe mwendo ili inywe dizeli kidogo. Siku ya tatu bomba likatulia tuli.

"Unasikia?" msimamizi alisema, kifua mbele. "Bomba zima ndilo hili, halina makelele."

"Bosi, bomba la mchanga likinyamaza, limekabwa. Tulifungue tulisafishe kwanza."

"Mama, uliajiriwa uendeshe pampu, si uniendeshe mimi! Kazi yako inatakiwa na watu kumi. Funga mdomo."

Sikio akafyata ulimi. Alikuwa na watoto wa kulisha, na maneno yale yalimchoma.

Adhuhuri ikaja habari kwamba kule bondeni hakutoki kitu ila maji ya kuchuruzika. Msimamizi akaagiza pampu iongezwe nguvu zote kwa mkupuo mmoja. Sikio alisita, kwani mdogo wake alikuwa kwenye ungio la tatu. Msimamizi akamsukuma kando, akaiongeza mwenyewe.

Hapo ndipo Sikio alipopata sauti. Alitimua mbio mteremkoni akipiga mayowe, "Toka hapo, mdogo wangu! Toka!" Mdogo wake aliinua kichwa akacheka, akidhani ni utani wao wa kila siku. Lo! Ungio likapasuka kwa kishindo kilichotikisa ukingo mzima wa bwawa, na kipande cha chuma kikamfyeka.

Hakufa, lakini mguu wake wa kulia ulikatwa hospitalini.

Wachunguzi walipoketi ofisini, msimamizi alijitetea. "Kama alijua, mbona hakunionya tena?"

Macho yote yakamgeukia Sikio. Alilia bila kujificha. "Ni kweli. Nilisema mara moja, nikaambiwa nifunge mdomo, nikafunga. Bomba lilinyamaza, nami nikanyamaza. Bosi alifurahia kimya chetu sote wawili."

Mdogo wake alikuwa ameketi karibu na mlango, magongo yakiwa mapajani.

"Dada," alisema kwa upole, "ungepiga kelele asubuhi ile, ningekuja kwako kwa miguu miwili."

Hakika, kimya kingi kina mshindo mkuu.