Wakwe Watatu na Jina Moja

Koh! Kikohozi kimoja, kikavu, kilipasua usiku kwenye ua wa Bi Kalunde, kule Unyamwezini, na wakwe zake watatu wakaamka kila mmoja kitandani kwake. Sikilizeni vizuri, wakubwa kwa wadogo, maana mwishoni kesi yao nawaachia ninyi.

Wanawake hao waliolewa na ndugu watatu. Nyamizi alijaliwa ulimi: angeweza kumbembeleza jogoo aingie chunguni mwenyewe. Tunu alijaliwa jicho. Alifanya kazi maabara ya hospitali, na tone la damu lilimweleza mengi. Mhoja alijaliwa mikono. Mtoto mchanga akilia, alinyamaza akibebwa naye.

Na wote walitamani kitu kimoja. Bi Kalunde alizaa binti, naye binti huyo akafa angali kigori. Tangu mazishi, mama hakulitamka tena jina lake. Lakini desturi ya nyumba ile ilimruhusu kumwita mkwe mmoja kwa jina la marehemu, na atakayeitwa hivyo si mkwe tena. Ni binti. Atakula sahani moja na mama, na hakuna wa kumtoa.

Nyamizi hakuwa na mtoto. Shangazi za mumewe walishaanza kunong'ona kwamba arudishwe kwao. Kwa wenzake jina lile lilikuwa heshima. Kwake lilikuwa paa. Ndiyo maana kila Bi Kalunde alipomchekea Tunu au Mhoja, Nyamizi alihisi kitu kinamkwangua kifuani.

Miezi mingi kabla ya kikohozi kile, chanjo ya korona ilifika zahanati, na Bi Kalunde akagoma. Tunu akasema atampeleka Jumamosi. Nyamizi akasikia. Ijumaa asubuhi alikuwa ameshamfunga mama kilemba.

"Mama, wenzako wa kwaya wanasema unaogopa sindano kuliko wajukuu zako."

"Nani? Mimi?"

"Mimi nimewabishia, mama. Wakacheka."

Bi Kalunde aliingia zahanati bega wazi, kama anaingia ngomani. Jioni Tunu akapata habari. "Hongera, mwenzangu," alisema, bila kuonyesha jino.

Basi korona ikaja na kikohozi kile cha usiku, chanjo au si chanjo. Bi Kalunde akalazwa, akawekewa oksijeni. Daktari akaagiza damu ipimwe alama za mwako, yaani ule moto ambao mwili huuwasha kupigana na ugonjwa, na ukizidi humuunguza mwenye mwili. Majibu yakaja: moto umepanda, ila si sana. Nyamizi akapumua.

Tunu hakuridhika. "Nataka nione hiyo chanjo yako imefanya nini," alimwambia Nyamizi kwenye korido, kisha akamwomba daktari damu ipimwe tena mapema kesho yake. Ikapimwa. Moto ulikuwa umeruka. Tunu alisahau ubishi wake, akakimbia na majibu mkononi, na dawa ya kuutuliza ikaanza saa hiyo hiyo.

Mhoja naye? Wauguzi walikuwa wachache, wakaruhusu ndugu mmoja amhudumie mgonjwa. Akawahi yeye. Akavaa barakoa na gauni la kujikinga, akafundishwa kumlaza mgonjwa kifudifudi ili mapafu yapate nafasi. Alimgeuza, akamfuta jasho, akamnywesha uji kijiko kwa kijiko. Nyamizi alipokuja kumpokea zamu, alijibiwa kupitia kioo cha wodi.

"Nenda kapumzike, dada. Mama ameshanizoea."

"Amekuzoea, au umemficha?"

Mhoja alimgeukia mgonjwa. Yalikuwa mapenzi au wivu? Nyamizi aliomba uwe wivu, ili walingane.

Bi Kalunde akapona. Wakwe wakamzingira daktari: nani hasa kamponya mama?

"Waliochanjwa, hata wakizidiwa, mara nyingi mwako wao huwa mdogo," alisema. "Kwa mtu mmoja siwezi kuapa. Bila kipimo cha pili tungechelewesha dawa. Bila kulazwa kifudifudi, mapafu yangechoka. Na jamani, mimi msinitie kwenye ugomvi wenu!"

Siku ya kurudi nyumbani wakamketisha mama kwenye mkeka uani. Hapo ndipo ndimi zilipofunguka. Tunu akaitoboa siri ya Ijumaa, kwamba Nyamizi aliwahi ili kumpiku. Nyamizi akaeleza kipimo cha pili kilitafutwa ili kumwaibisha nani. Wote wawili wakamsema Mhoja kwa kumfungia mama nyuma ya kioo.

"Kumbe nimeponywa na wivu!" Bi Kalunde alicheka mpaka akashika mbavu. Kisha kicheko kikamkauka. Akawatazama mmoja mmoja, na alipofika kwa Nyamizi, Nyamizi akatazama chini. Alitaka kusema, "Mama, mimi sina kwingine," lakini ulimi uliombembeleza kila mtu ukamgomea.

Jua lilikuwa kali. Bi Kalunde akafumba macho, akanyoosha mkono mbele, mahali ambapo wote watatu walikuwa wamesimama bega kwa bega.

Je, wewe ungeamua vipi? Aliyempeleka kwenye sindano, aliyeuona moto kwenye damu, au aliyemgeuza kitandani? Na aliyetenda jema kwa wivu, jema lake lipungue? Fikirini haraka, maana mama ameshafungua kinywa kulitamka jina la binti yake, na mmoja tu ndiye wa kuitika "Abee":

"Kabula. Kabula, mwanangu, niinue."