Kwa Nini Mto Sarmeda Huingia Ardhini Kila Kiangazi

Hapo kale hakuna aliyejua rangi ya mawe yaliyoko chini ya Mto Sarmeda. Leo kila mtoto wa Peñarcilla anayajua, maana huyakanyaga kwa miguu mitupu mwezi wa Agosti, meupe na makavu kama mifupa. Lakini zamani yalifunikwa na maji mwaka mzima, na hakuna aliyekuwa amepiga mbizi kuyaona.

Peñarcilla ni kijiji cha bara huko Uhispania, mbali na bahari. Kiangazi cha huko hakina huruma. Mvua hukoma mwezi wa Mei na hairudi mpaka majani yaanze kupukutika. Wakati huo ngano hukatwa, ikapurwa kwenye uwanja wa mawe kwa kwato za nyumbu wanaozungushwa, na vumbi la makapi hukaa juu ya paa za nyumba. Adhuhuri watu hufunga madirisha yote na kulala gizani kama wagonjwa. Jioni, mbayuwayu wakipiga kelele kuuzunguka mnara wa kanisa, kila nyumba hutoa viti mlangoni, watu wakaegemeza migongo ukutani na kusubiri upepo.

Katika jua la namna hiyo, hakuna kinachoota bila mfereji. Mfereji wa Peñarcilla ulichepuka mtoni juu kidogo ya kinu cha kusagia ngano, ukashuka ukipita shamba baada ya shamba, na kila nyumba ilikuwa na zamu yake ya kufungulia maji. Zamu ilipatikana kwa njia moja tu. Mwezi wa Mei kijiji kizima kilikusanyika ukingoni mwa mto kusafisha mfereji. Mzee wa maji alisimama juu ya jiwe na kuita majina ya wenye nyumba, mmoja baada ya mwingine, akiyakumbuka kwa kichwa tu. Aliyeitwa alijibu, "Nipo," akashuka mferejini na beleshi lake. Asiyejibu, nyumba yake haikupata maji mwaka huo. Na mtu hakuruhusiwa kumjibia mwenzake, kwa sababu zamani wavivu walikuwa wakiitikiwa na ndugu zao huku wao wamelala.

Kulikuwa pia na desturi nyingine, nayo ilikuwa ya heshima. Mwenye nyumba akifa, jina lake halikuondolewa mpaka mwaka uishe. Mzee wa maji aliliita kama kawaida, wanaume wakavua kofia, wakanyamaza kidogo, kisha jina lililofuata likaitwa. Wafiwa walipenda sana desturi hiyo. Haikuwa imemdhuru mtu, kwa kuwa kila nyumba ilikuwa na kaka au mwana mkubwa ambaye naye aliitwa kwa jina lake.

Mwaka ule Leocadia alikuwa mjane wa miezi mitatu. Mumewe, Anselmo Royuela, aliangukiwa na mti msituni mwezi wa Februari. Hakuwa na kaka wala baba. Alimwachia mkewe binti mdogo aliyeitwa Quiteria, mbuzi mmoja, na shamba la maharage lililoitwa Hondillo, la mwisho kabisa kwenye mfereji.

Leocadia alifika ukingoni alfajiri, beleshi la mumewe begani na mtoto mgongoni. Jirani yake, Hermógenes, ambaye shamba lake lilipakana na Hondillo, alimtazama akacheka.

"Leocadia, umekuja kuchimba au kuhama?"

"Nimekuja kukuonyesha beleshi linavyoshikwa."

"Basi simama karibu nami. Mwaka jana mumeo aliniambia beleshi langu lina pumzi kuliko mimi."

"Alisema kweli."

Watu wakacheka, naye akacheka kidogo. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mazishi.

Mzee wa maji alikuwa Fructuoso Belinchón. Huko wazee wote huitwa mjomba, hata na wasio ndugu, kwa hiyo yeye alikuwa Mjomba Fructuoso. Alikuwa mtu mnyoofu ambaye hajawahi kumwibia mtu hata tone. Alipanda jiwe, akaanza kuita. Alipofika kwa Anselmo Royuela, aliliita jina hilo taratibu kuliko mengine. Alimpenda kijana yule. Wanaume wakavua kofia.

"Nipo mimi kwa niaba yake," alisema Leocadia.

Fructuoso alitikisa kichwa polepole. "Nyamaza, mwanangu. Tunamheshimu."

Akaita jina lililofuata.

Leocadia hakuelewa. Alishuka mferejini pamoja na wengine. Alizoa tope mpaka viganja vikatoka malengelenge, akang'oa mizizi, akabeba mawe, na kazi ilipokwisha hakuna aliyeweza kusema kwamba kipande chake kilikuwa kichafu kuliko cha mwanamume yeyote. Alirudi nyumbani akapanda maharage. Yakaota vizuri, maana ardhi bado ilikuwa na unyevu wa majira ya baridi.

Zamu zilipoanza, alisubiri ukingoni mwa Hondillo na beleshi mkononi. Maji yalifika kwa Hermógenes. Shamba lake lilipokwisha kushiba, mlango wa mfereji ulifungwa juu. Leocadia alipanda mpaka kwenye uwanja wa kupuria, akamkuta Fructuoso akipepeta ngano.

"Mjomba, maji hayajanifikia."

"Hayatakufikia, Leocadia. Anselmo aliitwa, hakujibu."

"Anselmo amekufa, Mjomba. Wewe mwenyewe ulishika jeneza."

"Nililishika."

"Basi angejibu vipi?"

Fructuoso aliweka uma wake wa mbao chini. Macho yake yalikuwa mekundu, na haikuwa kwa vumbi peke yake. "Nikimfuta kabla ya mwaka, nitakuwa nimemzika mara ya pili. Na nikikuhesabu wewe juu yake, kesho kila nyumba itanidai nihesabu asiyeitwa. Sikuitunga mimi sheria hii. Niliikuta."

"Nilizoa tope mikono ikachubuka."

"Nilikuona. Mungu atakulipa."

Sheria ni msumeno, husemwa. Lakini msumeno angalau unao mtu anayeushika. Leocadia alizunguka nyumba kwa nyumba, na kila alikobisha walimhurumia. Walimpa kiti, walimpa mkate, walimpa jibini la kumlisha mtoto. Hakuna aliyempa maji ya shamba, kwa kuwa aliyempa maji yake mtu asiye na zamu alipoteza zamu yake iliyofuata.

Hermógenes alithubutu. Siku moja aliziba mpaka wa shamba lake kwa uzembe wa makusudi, maji yakapenya pembeni na kuingia Hondillo. Leocadia aliyasikia kabla ya kuyaona. Maharage yake ya mstari wa kwanza yaliinua majani mbele ya macho yake. Alikuwa bado amepiga magoti pale, mikono ndani ya maji, alipomwona mke wa Hermógenes akija mbio akiwa na mimba kubwa.

"Leocadia, wamemwona mume wangu. Mjomba Fructuoso anashuka. Wakikuta maji kwako, tumekwisha sisi. Nina wanne ndani, na huyu wa tano tumboni."

Leocadia alimtazama. Kisha akachota tope kwa mikono miwili na kuliziba pengo mwenyewe, akalipigapiga mpaka likaacha kuvuja. Mke wa Hermógenes alilia akambusu mkono. Fructuoso alipofika alikuta pengo limezibwa, akageuka akaenda zake. Tangu hapo Hermógenes hakumtania tena. Walipokutana njiani, alitazama viatu vyake.

Ikabaki ndoo. Kuteka mtoni hakukukatazwa. Lakini kutoka mtoni mpaka Hondillo ni mlima, na ardhi iliyokauka hunywa ndoo nzima kabla mtekaji hajageuka. Leocadia alipanda na kushuka. Alipanda hata adhuhuri, madirisha yote yakiwa yamefungwa na nyenje wakilia kwenye miti ya lozi kama misumeno midogo. Maua ya maharage yalipukutika. Majani yakageuka njano, kisha kahawia. Alipoyashika yalivunjika vidoleni. Mbuzi, aliyetegemea kula magugu ya pembeni mwa shamba, alikauka maziwa.

Mwezi wa Agosti Quiteria alishikwa na homa ya kiangazi, ile ya tumbo, inayowakausha watoto wadogo. Mtoto mwenye nguvu huishinda. Yeye hakuwa nazo. Leocadia alimlaza chini ya mtini, akamlowesha midomo kwa kitambaa kibichi, akaimba. Adhuhuri moja, joto likiwa limesimama juu ya kijiji kama kifuniko cha chungu, mtoto alivuta pumzi, akaiachia, hakuvuta nyingine. Leocadia alipiga kelele. Kelele hiyo ilipita njia zote za Peñarcilla na kugonga mbao za madirisha, na waliokuwa wamelala ndani wakadhani ni punda.

Walimzika Quiteria ubavuni mwa baba yake jioni ile, kwa sababu ya joto. Makaburini, Fructuoso alimsogelea Leocadia, kofia mkononi. Alikuwa amezeeka ghafla.

"Mwanangu, mwaka uishe usiishe, nimeamua. Zamu ya leo ni yako. Chukua maji yote."

"Nimwagilie nini, Mjomba?"

Fructuoso aliikunja kofia yake.

"Tena zamu hiyo si yangu," alisema Leocadia. "Hukuniita mimi. Uliita Anselmo Royuela, na watu wote wakavua kofia. Ni yake. Nitahakikisha anaipata."

Akashuka mtoni peke yake, watu wakimfuata kwa macho.

Enzi zile mito ilisikia, na Sarmeda ulikuwa msikivu kuliko mingine yote, maana kila mwaka majina ya wenye nyumba yaliitwa ukingoni mwake. Uliyajua yote. Leocadia alisimama kwenye maji mpaka magotini.

"Sarmeda, unamjua Anselmo Royuela?"

"Namjua," ulisema mto. "Nilisikia akiitwa. Sikusikia akijibu."

"Amepewa zamu yake leo. Mzee wa maji ameitoa kwa kinywa chake, watu wamesikia."

"Yuko wapi nimpelekee?"

"Chini."

"Chini wapi?"

"Chini ya udongo na mawe, amelala na binti yake. Wana kiu wote wawili."

Mto haukuuliza zaidi. Mto hauna ujanja. Hujua kushuka tu, na Leocadia alikuwa ameuonyesha mahali pa kushukia ambapo haujawahi kufika. Maji yalianza kuzunguka miguuni mwake, yakapungua mpaka vifundoni, kisha yakazama katikati ya mawe kwa sauti ya mtu anayemeza.

Wanawake waliokuwa wakifua chini ya daraja walibaki na sabuni kwenye nguo. Gurudumu la kinu liligugumia likasimama. Samaki walirukaruka juu ya mchanga, na bata wakatembea huku na huku wakishangaa. Fructuoso alikuja akikimbia, umri wake ule, akapanda juu ya jiwe lake na kuanza kuita majina, akidhani huenda mto ukisikia wenye zamu utarudi. Aliita kila nyumba. Na wanaume, waliokuwa wametoka makaburini wakiwa bado na nguo nyeusi, walijibu mmoja mmoja kwa sauti zao zote: "Nipo! Nipo! Nipo!" Hermógenes alijibu akilia. Maji yaliendelea kuzama. Jina la mwisho lilipoitwa na kujibiwa, palibaki mawe, na kwa mara ya kwanza watu wa Peñarcilla waliona kwamba ni meupe.

Jioni ile ile sheria ilibadilishwa. Ilikubaliwa kwamba jina la marehemu lifutwe siku ya maziko na mjane aitwe kwa jina lake mwenyewe. Ilikuwa sheria nzuri. Ila hapakuwa tena na maji ya kuitumia.

Watu walimwendea Leocadia wakamsihi auite mto. Wengine walimtukana, mke wa Hermógenes akapiga magoti mlangoni kwake. Leocadia alishuka mtoni akaita. Aliita siku hiyo na siku zilizofuata, mpaka sauti ikapotea. Alidhani angefurahi kuyaona maharage ya wengine yakikauka kama yake. Hakufurahi. Aliyatazama tu, akaona ni maharage yaliyokauka.

Mvua za vuli ziliporudi, Sarmeda ulitoka ardhini. Ulikuwa na rangi ya tope, mzito na wa baridi, kama mtu aliyechimba muda mrefu asipate alichokuwa akikitafuta. Leocadia aliuuliza kama umewaona. Mto haukujibu. Ulikuwa umejifunza kunyamaza huko ulikokuwa, na haujasema na mtu tena.

Na tangu siku hiyo, kila mwaka maharage yanapotoa maua, Mto Sarmeda huiacha Peñarcilla na kuingia ardhini, nao hautoki mpaka majani yapukutike. Wakati huo watu huchimba mashimo kwenye mchanga wa mto, wakangoja kikombe kimoja cha maji kijae taratibu. Vijana wengi wamekwisha kuhama. Waliobaki ni wazee, nao jioni bado hutoa viti mlangoni. Wanasema ukilala kifudifudi na kuweka sikio juu ya yale mawe meupe, utayasikia maji yakipita mbali chini, yakienda huku na kule. Bado yanamtafuta mtu wa kuyapokea. Wazee hawamkatazi mgeni kusikiliza, ila wao wenyewe hawainami.